Biblia ya itifaki, simu au kijitabu cha ahadi: kipi kinamfaa anayengoja?

Mtu anayengoja ahadi ya Mungu, iwe ni mtoto, uponyaji, ndoa au kazi, mara nyingi haachi kusoma Biblia. Anachobadili ni kipimo. Mwaka wa kwanza anasoma kitabu kizima. Mwaka wa tano unamkuta akiishi kwa mstari mmoja wa asubuhi, ule unaoingia wenyewe kwenye simu kabla hajanawa uso. Imani haijafa, ila inalishwa kwa vipande, na vipande hivyo vimekatwa na mtu mwingine.

Vifaa vitatu ndivyo hupewa au hununua mtu wa hali hiyo: kijitabu cha ahadi, programu ya Biblia ya simu, na Biblia ya karatasi yenye itifaki, yaani faharasa ya maneno, mwishoni. Hapa vimepimwa kwa swali moja tu: je, kinamwonyesha msomaji miaka? Ahadi nyingi za Biblia zina umri, na mtu asiyeuona umri huo ataona ya kwake peke yake ndiyo iliyochelewa.

Chukua Yeremia 29:11, mstari wa barua ya Yeremia kwa mateka wa Babeli, unaopendwa kwenye kadi za harusi, vikombe na vioo vya daladala. Tafsiri ya Union Version inasema: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Rudi nyuma mstari mmoja tu, wa 10, unakuta miaka 70 ya Babeli lazima itimie kwanza. Rudi hadi wa 5 na wa 6: jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, zaeni, waozeni watoto wenu. Rudi sura moja, ya 28, umkute Hanania, nabii wa uongo, akiwatangazia watu kwamba vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka 2. Hanania alikufa mwaka uleule, mwezi wa saba. Kwa mpangilio wa kitabu, basi, msomaji anatoka kwenye miaka 2 ya Hanania anaingia kwenye miaka 70 ya Yeremia, na ni ndani ya hiyo 70 ndipo yanapokaa yale mawazo ya amani. Mzee aliyesomewa barua ile Babeli alijua wazi kwamba atakayerudi ni mjukuu wake. Kifaa kinachokupa mstari wa 11 bila wa 10 kimekupa ahadi kikaficha tarehe.

Tuanze na kijitabu cha ahadi, kwa kuwa hakitatuchukua muda. Kimepangwa kwa mada: ukiwa mgonjwa, ukiwa na hofu, ukihitaji fedha. Nduguye ni kile kijisanduku cha kadi ndogo, unachomoa moja kila asubuhi. Wapangaji wa vitu hivi wana desturi ya kuchukua nusu yenye zawadi na kuiacha nusu yenye sharti au muda. Zaburi 37:4 haikosekani, "naye atakupa haja za moyo wako," lakini mstari wa 7 wa zaburi hiyohiyo, unaosema ukae kimya mbele za BWANA na umngojee kwa saburi, ni nadra kuukuta kwenye ukurasa uleule. Na 2 Nyakati 7:14 hutiwa chini ya mada ya uponyaji wa mwili, ilhali mstari wa 13 unataja mvua iliyozuiwa, nzige na tauni, na kinachoponywa katika wa 14 ni nchi.

Kina mahali pake. Wodini, mgonjwa aliyelala chali na mkono wenye dripu hawezi kushika Biblia nzima; kijitabu kinatosha kiganjani. Ukiwa nacho, kitumie kama orodha ya anwani: soma mstari, kisha fungua Biblia usome mistari 10 kabla yake na 10 baada yake, ndipo uweke alama ya penseli kwenye kijitabu kwamba huo umeuthibitisha. Anayengoja kwa miaka na hana Biblia ya kukifuatia, asikinunue kabla ya Biblia. Hata kama ni bei ya soda.

Simu ni habari nyingine, maana hapo kuna kitu cha maana kweli. Programu inayotumika zaidi ni YouVersion, iliyoanzishwa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Ni ya bure, haina matangazo, na ndani yake Mswahili anapata Union Version, Habari Njema, hata tafsiri ya Karl Roehl ya mwaka 1937, ambayo kwenye karatasi ni ya kutafutwa kwa tochi. Ubora wake mkubwa kwa anayengoja ni kulinganisha tafsiri: gusa mstari, chagua kulinganisha, na matoleo yanajipanga moja chini ya jingine. Kazi hiyo kwa karatasi inahitaji meza pana na Biblia tatu zilizofunguliwa.

Kasoro yake ya kwanza ni ile ile ya kijitabu: mstari wa siku. Unakuja peke yake, umepambwa kwa picha ya machweo, na hauji na sura yake. Dawa ni ndogo: usiishie hapo, uguse hadi sura yote ifunguke. Ukishindwa nidhamu hiyo kwa wiki mbili, zima arifa kabisa.

Ya pili ni ile hesabu ya siku mfululizo. Kinachohesabiwa pale ni kufungua programu, na kufungua si kusoma. Kwa mtu mwenye afya ya moyo ni mchezo tu, haina neno. Kwa mtu aliyengoja miaka 8, siku aliyosahau kufungua na hesabu ikarudi sifuri, anaanza kuhisi kwamba pengine yeye ndiye aliyekatiza baraka. Hakuna mahali katika Maandiko ambapo ahadi kwa Abrahamu ilirudi sifuri kwa sababu ya siku moja iliyorukwa. Akatize makusudi: aache siku moja kwa hiari yake, hesabu ivunjike, kisha aendelee kusoma.

Ya tatu haionekani mpaka uweke simu na karatasi sambamba. Kwenye simu kila sura ni ukuta. Ukiimaliza unatelezesha kidole na sura mpya inaanza juu kabisa ya kioo. Sasa angalia Mwanzo 16:16 na 17:1. Ule wa kwanza unasema Abramu alikuwa na miaka 86 Hajiri alipomzaa Ishmaeli. Unaofuata unaanza Abramu akiwa na miaka 99. Kwenye karatasi mistari hiyo miwili imepakana, kati yake kuna kichwa cha habari na nafasi isiyozidi upana wa kidole gumba. Hiyo nafasi ni miaka 13. Hakuna neno lolote la Mungu kwa Abramu lililoandikwa humo, hakuna ndoto, hakuna mgeni mlangoni. Kwenye karatasi unaweza kuandika "13" pale pale kwa penseli, na kila utakapopita utaiona. Kwenye simu kidole kinapita juu ya miaka 13 kwa kasi ileile ya mistari mingine.

Kwa sababu hiyo, kati ya vitatu, Biblia ya karatasi yenye itifaki ndiyo inayopewa alama za juu. Lakini si kila moja, na si bila matatizo.

Kwanza itifaki yenyewe. Ni ile faharasa ya maneno iliyo nyuma ya Ufunuo: unatafuta neno, unapewa mahali lilipo. Kujua kama unayoishika dukani inayo, fungua kurasa za mwisho. Ikiwa inakoma Ufunuo 22 na ramani, hiyo ni ya kawaida, hata kama muuzaji anaapa. Kwa anayengoja, maneno ya kuanzia ni manne: ngoja, saburi, ahadi, tumaini. Itifaki za mwishoni mwa Biblia ni fupi, hazitaji kila mstari, kwa hiyo ukifika kwenye mstari uliotajwa tazama pia marejeo madogo kama toleo lako linayo. Kutafuta kwenye simu ni haraka zaidi, ila kuna mtego wa lugha yetu: kitenzi cha Kiswahili hubadili umbo. Ukiandika "ngoja" tu, "umngoje" ya Zaburi 27:14 haina herufi hizo kwa mpangilio huo, na "ingojee" ya Habakuki nayo hivyohivyo. Tafuta umbo mojamoja: umngoje, wamngojeao, ingojee, nimemngoja.

Sasa tafsiri. Maduka mengi yatakupa uchague kati ya Union Version, iliyotoka nzima mwaka 1952 kuunganisha wasomaji wa tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa, na Habari Njema ya miaka ya 1990. Ushauri wa kawaida ni kwamba Habari Njema ni nyepesi, na ni kweli. Kwa jambo hili moja la kungoja, hata hivyo, Union Version inashinda, na sababu yake iko kwenye kitenzi kimoja cha Kiebrania, qavah, chenye kungoja na kutumaini ndani yake kwa pamoja. Union Version inakifuata kwa neno lilelile: "Umngoje BWANA, uwe hodari, upige moyo konde" katika Zaburi 27:14, "wamngojeao BWANA ndio watakaoirithi nchi" katika 37:9, "bali wao wamngojeao BWANA watapata nguvu mpya" katika Isaya 40:31. Msomaji anayefuata neno anaona mnyororo. Habari Njema inatumia "mtegemee" kwenye Zaburi 27:14 na "wanaomtumainia" kwenye Isaya 40:31. Si makosa, maana iko mle ndani ya neno. Ila mnyororo umekatika, na tena kutumaini hakutaji muda. Unaweza kutumaini kwa dakika tano. Kungoja, hata neno lenyewe, lina benchi na saa ya ukutani. (Na hilo "upige moyo konde" lisipotee: konde ni ngumi. Mwenye kungoja anaupiga moyo wake mwenyewe ngumi usimame.)

Zaburi 130 inaonyesha vizuri zaidi, kwa sababu maneno mawili yamekaa pamoja: "Nimemngoja BWANA, roho yangu imengoja, na neno lake nimelitumainia." Anayengojwa ni BWANA, kinachotumainiwa ni neno lake. Mstari wa 6 unaleta walinzi waingojavyo asubuhi, na unarudia mara mbili. Mlinzi wa usiku hana shaka kwamba kutakucha. Hawezi tu kuliharakisha jua, na saa kumi alfajiri ndiyo baridi kuliko zote.

Habakuki 2:3 ndipo Union Version inapojikwaa. "Ijapokawia, ingojee, kwa kuwa haina budi kuja, haitakawia." Inakawia au haikawii? Kiebrania kina vitenzi viwili tofauti pale. Union Version imetumia "kawia" kwa vyote viwili, na mtu aliyechoka akisoma anaona kama anachezewa. Habari Njema imelitatua: yakionekana kukawia uyangojee, hakika yatafika, hayatachelewa. Yaani kwa macho yako yanakawia, kwa saa yake hayachelewi. Kwa hiyo nunua Union Version, na mstari huu mmoja uuandike pembeni kwa maneno ya Habari Njema. Msomaji Mkatoliki ana hoja yake halali: Union Version haina vitabu vya deuterokanoni, vile vya ziada vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki, na sura ya 2 ya Yoshua bin Sira, inayozungumza moja kwa moja na anayejaribiwa katika kungoja, haimo. Yeye atafute Habari Njema yenye deuterokanoni.

Ukishapata Biblia, kazi ya kwanza kabla ya kuweka rangi yoyote ni kujaza ukurasa mtupu wa mwanzo au wa mwisho. Andika ngazi ya miaka, kwa herufi ndogo. Abrahamu: 75 alipoondoka Harani (Mwanzo 12:4), miaka 10 Kanaani kabla ya shauri la Hajiri (16:3), 86, 99, na 100 Isaka alipozaliwa (21:5). Jumla 25. Yusufu: 17 anapoota (37:2), miaka 2 mizima amesahauliwa gerezani baada ya mkuu wa wanyweshaji kutoka (41:1), 30 anaposimama mbele ya Farao (41:46), kisha miaka 7 ya shibe na njaa inapoingia ndipo ndugu zake wanainama. Ukipiga hesabu ni zaidi ya miaka 20 toka ndoto hadi kuinama. Kalebu: 40 alipotumwa kupeleleza, 85 alipoidai Hebroni (Yoshua 14:7 na 10). Na chini kabisa mwandike Sauli: siku 7. Alimngoja Samweli Gilgali, siku ya saba akaona watu wanatawanyika, akatoa sadaka mwenyewe, na alipomaliza tu, Samweli akatokea (1 Samweli 13:8-10). Ngazi hii inafaa kuliko rangi kumi za kupigia mistari. Mtu mwenye miaka 6 ya kungoja akiitazama hapati tarehe yake, anapata wenzake.

Kinachoharibika hapa kinajulikana: watu hugeuza ngazi kuwa kikokotoo. Abrahamu 25, basi na mimi 25. Au "saba" ya mahali fulani inazidishwa na umri wa mtu. Tarakimu zile ni za watu wale. Zinatosha kuonyesha kwamba muda mrefu si dalili ya kusahauliwa, na zikilazimishwa kusema zaidi ya hapo zitakuletea Hanania mwingine, mwenye miaka 2 mkononi.

Yafuatayo ni ya mkono na jicho, dukani. Tazama mgongo wa Biblia kwa juu, ikiwa imefungwa. Ukiona mafungu madogo ya karatasi yaliyokunjwa na uzi katikati yake, imeshonwa. Ukiona karatasi zimesimama sawa kama daftari la bei rahisi, ni gundi. Ya gundi hupasuka katikati, na katikati ya Biblia ni Zaburi, mahali anayengoja anapofungua kuliko kwingine kote. Toa pesa zaidi upate iliyoshonwa, hata kama jalada ni gumu la kawaida. Ngozi na zipu ndivyo vinavyopandisha bei bila kuongeza neno hata moja, na zipu ndiyo huwa ya kwanza kufa.

Ikiwa kingo zina rangi ya dhahabu, kurasa mpya hunatana. Usizichane kwa kucha. Laza Biblia mezani, fungua kurasa chache toka mbele, bonyeza taratibu karibu na mgongo, kisha chache toka nyuma, hivyo hivyo mpaka katikati. Ukiwa unafanya hivyo, hakikisha Malaki inafuatiwa na Mathayo bila kuruka namba, na kwamba Habakuki yupo. Ana sura 3 tu, kurasa mbili zikinatana amepotea. Soma pia nusu ukurasa kwa mwanga hafifu, si chini ya taa kali ya duka. Anayengoja husoma usiku.

Karatasi ya Biblia ni nyembamba. Kalamu ya jeli na ile ya kung'arisha maandishi huvuja hadi upande wa pili, na mwaka mmoja baadaye Isaya 40 imetia doa Isaya 41. Tumia penseli ya rangi iliyochongwa butu kidogo, au kalamu ya wino wa kawaida isiyosukumwa. Jaribu kwanza kwenye ukurasa wa mwisho wa itifaki.

Kwa mzee asiyeona vizuri, au anayengoja akiwa kitandani, karatasi haisaidii. Hapo simu yenye sauti inarudi kuwa ya kwanza. Pakua sauti mahali penye Wi-Fi, maana kusikiliza moja kwa moja kunakula bando. Anayemwekea amwekee sura nzima, na hasa Waebrania 11. Watu hupenda kuizima penye wanawake waliopokea wafu wao waliofufuliwa, nusu ya kwanza ya mstari wa 35. Nusu ya pili inaanza na "lakini wengine," na kutoka hapo ni mijeledi, mawe na misumeno, mpaka mstari wa 39 unaposema kwamba wote hao walishuhudiwa kwa imani yao na ile ahadi hawakuipata. Acha icheze mpaka wa 40.